Mapigo Manne ya Kimya

Hosea Purifoy hakuwa mtu wa kukimbia. Watu wa Tarpley, Mississippi, walimzoea akitembea kama aliyejitwika mtungi wa maji kichwani, tai shingoni hata jua likiwa utosini, kofia imekaa sawa, salamu yake ni ile ile kwa mkubwa na mdogo. Kwa hiyo alasiri ile walipomwona akichomoka dukani mwake kichwa wazi, akajitupa garini na kuliondoa kwa kishindo, wanaume waliokuwa wakicheza drafti mbele ya kinyozi waliinua vichwa wakatazamana.

"Mkewe leo kamtimua," akasema mmoja.

"Au kuna nyumba inaungua," akasema mwingine.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kiangazi kile cha mwaka sitini na nne nyumba zilikuwa zinaungua kweli.

Kilichomtoa mbio Hosea ni sahani ya santuri, tena santuri ya lebo yake mwenyewe. Lebo hiyo aliipa jina la Ozella, kwa heshima ya mama yake, aliyekufa akichuma pamba isiyokuwa yake. Hosea alirudi kutoka vitani na ufundi wa redio aliofunzwa jeshini, akafungua duka la kutengeneza redio, kisha akainunua nyumba ya barafu iliyokuwa nyuma ya duka, iliyotelekezwa tangu majokofu yalipoingia majumbani. Kuta zake zilikuwa nene, zimeshindiliwa maranda ya mbao ili barafu isiyeyuke. Siku ya kwanza alisimama katikati yake akapiga kofi moja, akalisikia kofi lile likifa palepale mkononi. Akajua kwamba amepata studio.

Alianza kwa kurekodi mahubiri na mazishi, akaendelea na kwaya, hatimaye, mashemasi wakiwa wamemnunia, akaingia katika bluzi na soul.

"Kaka Hosea," mchungaji alimwambia, "huwezi kumpikia Mungu na Shetani katika sufuria moja."

"Sufuria ni yangu, Mchungaji," Hosea akajibu, "na naiosha vizuri."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo ndiyo iliyoijenga Ozella. Aliamini kwamba mwanamuziki akijua anarekodiwa huvaa viatu vya Jumapili, na viatu vya Jumapili hubana. Kwa hiyo mashine aliiwasha mapema, watu wakiwa bado wanakaza nyuzi na kutaniana. Wimbo wa kwanza uliomtambulisha hadi Memphis ulipatikana hivyo: Wardell Spight, mpiga gitaa mwenye midomo mikubwa na moyo mdogo, alikuwa akilalamikia viatu vyake huku akigusagusa nyuzi, na lalamiko lile likageuka wimbo. Tangu siku ile mkono wa Hosea ulijifunza kwenda kwenye swichi bila kumwomba ruhusa mwenye mkono.

Ndipo yakaja mambo ya kiangazi kile. Vijana watatu wa chuo walifika kutoka kaskazini kuwaandikisha watu weusi wapige kura. Juma la pili madirisha ya kanisa yalipigwa risasi. Wazee wakakata shauri kwamba mkutano ufanyike mahali ambapo sauti haitoki nje, na katika Tarpley nzima mahali hapo palikuwa pamoja tu, nyumba ya barafu. Hosea alikubali. Hakulala vizuri, lakini alikubali.

Katika mkutano huo Mama Tempie Broadnax ndiye aliyeuanzisha wimbo. Kanisani kwao hapakuwa na vitabu vya kutosha, na wazee wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mmoja huutaja mstari kwa sauti ya haraka, nalo kusanyiko likaupokea na kuuburuta polepole kama watu wanaovuta gogo kutoka mtoni. Kazi hiyo ya kutaja mstari ilikuwa ya Mama Tempie tangu ujana wake. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo chini na asali juu; aliyeisikia mara moja hakuisahau. Wazungu waliijua pia, hasa jamaa wa Ledbetter, ambao aliwapikia maisha yake yote. Mtoto wao Coy, mama yake akiwa mgonjwa wa kitandani, alilelewa na Mama Tempie tangu nepi hadi suruali ndefu. Coy huyo sasa ndiye aliyekuwa sherifu wa wilaya.

Mama Tempie alipoutaja mstari wa kwanza, mkono wa Hosea ulikwenda kwenye swichi. Alikusudia kuizima mashine wimbo ukiisha. Lakini aliitwa mlangoni, gari lisilojulikana limepita mara mbili, akasimama huko akichungulia katika ufa hadi mkutano ukaisha. Aliporudi ndani, utepe ulikuwa bado unazunguka. Aliurudisha nyuma akausikiliza. Ndani yake, baada ya wimbo, Mama Tempie alikuwa amesimama na kusema kwa utulivu wake:

"Watoto wanalala kwangu, jikoni, nyuma ya kiwanda cha pamba. Mbwa wangu hawawabwekei."

Hosea akasema moyoni kwamba maneno hayo atayafuta kesho.

Na kesho yake aliyafuta, au alidhani ameyafuta. Kurekodi juu ya utepe wa zamani ni jambo la kila siku kwa mwenye lebo ndogo. Mashine ina kichwa cha kufutia, ambacho hula sauti ya jana kabla ya kuandikwa ya leo. Ila kichwa hicho hutaka kusuguliwa kwa spiriti kila asubuhi, kisipate ukoko. La sivyo hula kivivu na kubakiza makombo. Hosea hakuwahi kuacha kukisugua. Lakini asubuhi ile kulikuwa na lori limeegeshwa ng'ambo ya barabara, bunduki zimening'inia dirishani mwake, na wanaume wawili ndani wakila njugu wakitazama duka. Alifanya kazi jicho moja dirishani, na ile sufuria aliyomwambia mchungaji kwamba huiosha vizuri, siku ile hakuiosha.

Aliurekodi wimbo mpya wa Wardell. Ulimhusu mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, asifunguliwe. Katikati ya ubeti wa pili bendi yote husimama ghafla, ngoma, besi, tarumbeta, vyote kimya kwa mapigo manne. Kisha Wardell hugonga ubao wa gitaa kama anayebisha hodi, na muziki hurudi. Kimya kile ndicho kilichokuwa roho ya wimbo. Hosea aliusikia umetimia, akautuma utepe kwenye kiwanda cha santuri.

Boksi la santuri lilirudi kwa basi la asubuhi, pamoja na utepe wake. Rufus Tolliver, mtangazaji mweusi ambaye redioni alijiita Kaka Asali, alikuwepo kituoni, akachomoa ya juu kabisa kama ilivyokuwa desturi yao.

"Ya kwanza ni ya Asali," akasema. "Leo alasiri naipiga mpaka kuku waache kutaga."

"Subiri niisikilize kwanza."

"Kaka Hosea, wewe ukisikiliza kitu mpaka uridhike, Bwana Yesu atakuwa ameshakuja na kurudi."

Hosea akacheka, akamwachia. Lilikuwa kosa la pili.

Aliisikiliza baada ya chakula cha mchana, mkewe Lavada akiwa kando yake akikunja mifuko ya karatasi. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaanza. Bendi ikasimama. Na ndani ya kile kimya, mbali, kama mtu anayesemea kisimani, ikaja sauti yenye mkwaruzo chini na asali juu: *Watoto wanalala kwangu.*

Lavada aliacha kukunja. "Hosea," akasema polepole. "Yule ni nani?"

Alikuwa anamjua. Hosea alirudisha sindano, wakaisikia tena.

"Ni ndogo," akasema Lavada, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. "Labda mtu hataisikia."

"Redioni haitakuwa ndogo," Hosea akasema. Aliijua mitambo ya stesheni ile, maana yeye ndiye aliyeitwa kila ilipoharibika. Kuna chombo pale ambacho muziki ukiwa mkubwa huushusha, na ukinyamaza huupandisha, ili msikilizaji asiguse redio yake. Mnong'ono ukipita katika chombo hicho hutoka kama mtu aliyekaa nawe sebuleni. "Chombo kile kitamwinua. Kitamfanya aseme kwa wilaya nzima."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba kipindi cha Kaka Asali kimekwisha anza. Simu ya stesheni ilipokelewa na mwenye stesheni, Bwana Crowe, na kwake hakuna ambacho mtu mweusi angeweza kusema. Hosea akasahau kofia.

Barabara ya kwenda stesheni ilipita katikati ya pamba. Hosea aliwasha redio ya gari, akaendesha mikono ikitoka jasho hadi usukani ukateleza. Kaka Asali alikuwa akitangaza unga wa mahindi. Kisha dawa ya nywele. Kila tangazo lilipokwisha Hosea alikaza meno. Alipoona mnara wa stesheni unachomoza juu ya miti, Rufus alisema, "Sasa, wapenzi wangu, kitu kibichi kabisa, kimetoka kwenye nyumba ya barafu kikiwa bado cha moto," na gitaa la Wardell likaanza.

Alizunguka nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele haukuwa wa watu kama yeye, akapita stoo, akaingia ukumbini. Na pale ukumbini, mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa ameketi Sherifu Coy Ledbetter, akizungumza na Bwana Crowe habari za kuvua samaki. Juu ya vichwa vyao spika ilikuwa ukutani, nayo ilikuwa ikiimba ubeti wa kwanza. Kiatu cha sherifu kilikuwa kikigonga sakafu, sawasawa na ngoma.

"We Hosea," sherifu akasema bila kuinuka. "Unahema kama mbwa anayewinda sungura. Nani anakufukuza?"

"Hakuna, bwana. Nina neno na Rufus."

"Rufus yuko kazini," akasema Bwana Crowe. "Huoni taa nyekundu?"

"Naiona, bwana."

"Huu ni wako, si ndiyo?" sherifu akaelekeza kidole kwenye spika. "Hebu simama hapa usikilize na wakubwa. Mimi nakwambia ukweli, kijana, ninyi watu mambo mengine hamyawezi, lakini hili mmejaliwa."

Hosea alikuwa na miaka arobaini na mitano, na sherifu alikuwa mdogo kwake kwa karibu kumi. Ubeti wa pili ulikuwa umeanza. Aliijua idadi ya mistari kama anavyojua vidole vyake: mgongaji anafika barazani, anaona taa, anaita jina. Mtu mweusi hakumpa mgongo sherifu aliyekuwa bado anazungumza. Waliothubutu walipatikana mtoni. Sherifu alikuwa akisema jambo fulani kuhusu tarumbeta. Hosea akamtazama usoni, akaona mdomo ukifunguka na kufumba, asisikie hata neno, akageuka, akampa mgongo, akafungua mlango wenye taa nyekundu.

Rufus alimkodolea macho. Hosea akapitisha kiganja kooni, ishara ya studio ya kukata. Rufus akatikisa kichwa kwa hofu: kuinua sindano katikati ya wimbo, mwenye stesheni akiwa nje ya kioo, ni kuitupa kazi. Hosea akaelekeza kidole kwenye maikrofoni. Rufus, ambaye hakuelewa kitu ila alimwelewa Hosea, akaifungua.

Bendi ikasimama.

"Watoto..." akasema Mama Tempie, wazi kama mtu aliyeketi katikati yao.

"Fungua mlango!" Hosea akanguruma. "Nasema fungua, mama, ni mimi! Ni mimi, nimerudi nyumbani!"

Ilikuwa sauti ya shemasi anayeomba mvua, sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu mazishi ya mama yake, naye aliijaza katika mapigo yote manne hadi Wardell alipogonga ubao na muziki ukarudi. Kisha akashika ukingo wa meza, shati limegandamana na mgongo. Neno moja lilikuwa limepita. Hakujua nani amelidaka.

Nyuma ya kioo, sherifu alikuwa amesimama, kikombe kimening'inia kwenye kidole, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha akaanza kucheka. Bwana Crowe, alipoona sherifu anacheka, akacheka naye. Wimbo ulipokwisha wote wawili waliingia.

"Nimekujua miaka yote umenyooka kama mlingoti," sherifu akasema, "kumbe ndani una mwendawazimu. Nipe hiyo sahani. Naenda nayo nyumbani."

Rufus aliitoa kwenye mashine akamkabidhi Hosea, kwa kuwa ndiye mwenye mali. Hosea aliishika. Santuri zile zilikuwa za plastiki ya bei nafuu, kavu kama biskuti. Alipiga hatua kumwelekea sherifu, akaiacha iteleze, na ilipogusa sakafu akapepesuka juu yake kwa kisigino. Ikavunjika vipande.

Kisha Hosea Purifoy, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuokota hata senti iliyodondoka mbele ya Mzungu, akapiga magoti na kuanza kukusanya vipande kimoja kimoja, hata vile vidogo.

"Nisamehe, bwana. Mikono imenishinda."

"Mikono gani hiyo, imeoza?" Sherifu alikisogeza kipande kimoja kwa ncha ya kiatu, kuelekea mkononi mwa Hosea. "Kesho asubuhi niletee nyingine ofisini. Na hizo kelele zako ziwemo."

Rufus alitazama pembeni. Hilo ndilo lililomuuma Hosea kuliko kiatu.

Hosea alimkuta Mama Tempie akimenya maharage mabichi, beseni mapajani. Hosea alimweleza yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mlangoni mwa jikoni mmoja wa wale vijana watatu alikuwa akisikiliza.

Mama Tempie hakuacha kumenya. "Neno moja tu lilipita?"

"Moja, Mama. 'Watoto'."

"Na Coy alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Basi amelisikia. Mtoto yule nilimwita kwa sauti hii tangu hajaota jino." Akamgeukia kijana. "Mwanangu, kawaambie wenzako wafunge virago. Mtaondoka kabla ya jua kuzama, katika gari la maiti la Bwana Pettway wa mazishi. Coy husimamisha kila gari, lakini la maiti hulivulia kofia. Nimemfundisha mwenyewe." Kisha akamtazama Hosea. "Kwa hiyo ulinirekodi nikiuanzisha wimbo."

"Ndiyo, Mama. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Nilisikikaje? Sijawahi kujisikia."

Sehemu ile ya wimbo ilikuwa imebaki nzima mwanzoni mwa utepe, hakurekodi kitu juu yake. Hakuwa na moyo wa kuifuta. "Katika vyote nilivyowahi kurekodi," akasema, "hakuna kinachoifikia."

"Ningependa kuisikia."

"Lazima niuchome utepe, Mama. Nikikata kipande na kuacha kingine, wakija kupekua hawatauliza ni kipande gani."

Mama Tempie alikitazama kiganja chake kilichojaa maharage, kana kwamba anapima uzito wake. "Basi choma," akasema.

Akachoma. Katika pipa nyuma ya nyumba ya barafu aliutupa utepe, akalimwaga boksi zima la santuri, na moshi ukapanda mweusi na mzito, ukinuka hadi kwa kinyozi. Wardell na bendi waliitwa wakati moshi ungali unafuka. Wardell alianza kulalamika kwamba mchuzi wake unapoa. Alipomwona Hosea usoni akanyamaza, jambo ambalo watu walilizungumza kwa muda mrefu. Walirudia wimbo kwenye utepe mpya ambao haujawahi kuguswa, na ingawa ulikuwa mpya, Hosea alikisugua kichwa cha kufutia mara kwa mara hadi kitambaa kikatoboka. Bendi iliposimama, yeye akanguruma kama alivyonguruma. Kisha akachonga sahani moja kwa mashine yake ndogo, akakaa nayo mapajani.

Asubuhi alivaa tai, akaipeleka. Ofisini kwa sherifu kulikuwa na gramafoni juu ya kabati la bunduki. Sherifu aliiweka sahani mwenyewe, akaketi, akasikiliza macho yamefumba. Manaibu wawili walikuwa mlangoni. Bendi ikasimama, Hosea wa kwenye sahani akanguruma, Wardell akabisha hodi. Sherifu alifumbua macho.

"Ya jana ilikuwa na mwanamke."

Hosea akajibu upesi. "Ni mke wangu, bwana. Alipita nikiwa narekodi. Alikuwa akiwaita watoto waje kula."

Alipokwisha sema, akakumbuka kile ambacho Tarpley yote ilikijua, kwamba yeye na Lavada Mungu hakuwajalia mtoto.

Sherifu akaondoa sindano kwenye sahani. "Watoto wa nani, Hosea?"

"Wa dada yake, bwana. Wametutembelea."

"Mke wako nimewahi kumsikia akizungumza. Ana sauti ya kinanda." Alisimama, akavaa kofia. "Ile ya jana ilinikumbusha mtu. Wewe kaa hapa. Usiende popote."

Hosea akakaa. Kupitia dirishani aliliona gari la sherifu likikunja kuelekea kiwanda cha pamba. Naibu mmoja akaipiga santuri tena, na tena, akicheka kila kelele zilipofika, akimwigiza, "Ni mimi, mama, ni mimi." Hosea aliitazama saa ya ukutani hadi mishale yake ikapoteza maana. Aliomba, lakini maombi hayakufika mbali; kila alipofumba macho aliona moshi, na moshi wenyewe ulikuwa unatoka kwenye paa la Mama Tempie.

Gari lilirudi. Sherifu aliingia, akamtazama kama mtu aliyesahau kwamba alimwacha pale.

"Nenda nyumbani," akasema.

Yaliyotokea alisimuliwa na Mama Tempie mwenyewe, jioni, barazani. Coy alifika mlango wa nyuma, akasimama kizingitini. "Nikamwambia, Coy, futa miguu. Akafuta. Akaingia, akatazama chini ya kitanda, akatazama stoo, akakuta mashuka yameanikwa uani. Akaniuliza, Tempie, nani alilala hapa jikoni? Nikamwambia, ulilala wewe, ulipokuwa na surua, na ulinitapikia. Akaketi. Nikampa mkate wa mahindi na maziwa ya mgando. Akala, hakusema kitu tena, akaenda zake."

"Anajua?" Hosea akauliza.

"Hilo kamuulize yeye," akasema Mama Tempie, akaikung'uta aproni, ingawa haikuwa na kitu.

Santuri ile ndiyo iliyoifanya Ozella iwe Ozella. Watu waliomba ile yenye kelele, kutoka Jackson hadi Chicago, na tangu hapo kila mwimbaji alitaka mzee angurume kidogo katika wimbo wake. Alinguruma kwa miaka ishirini. Waandishi wa magazeti walisema hiyo ni furaha ya mtu wa kusini, naye hakuwasahihisha. Mafundi aliowafundisha walikuwa na kichekesho chao, kwamba wimbo mpya ukiletwa Mzee Purifoy hasikilizi muziki. Huvaa spika za masikio, hufumba macho, na kusikiliza mahali ambapo hakuna kitu.

"Unatafuta nini humo, mzee?" mmoja alimuuliza.

"Naangalia kama kuna mtu," akasema.

Mama Tempie alizikwa akiwa na umri wa miaka tisini na ushei. Kanisani wimbo ulianzishwa na mwingine, na kila mtu alisikia pengo. Nje, kando ya magari, mzee wa Kizungu mwenye fimbo alimsogelea Hosea, akavua kofia. Alikuwa ameacha usherifu zamani.

"Ile sahani uliyoikanyaga," Coy Ledbetter akasema, bila kumtazama. "Zilikuwepo nyingine?"

Hosea aliupima uso ule, akitafuta kama ni mtego, wakati hapakuwa tena na mtu wa kutegwa. "Zilikuwepo, bwana."

"Ungeniuzia moja. Si kwa ubaya. Nataka tu lile neno."

"Nilizichoma zote," akasema Hosea. "Na utepe wake."

Mzee yule alitikisa kichwa polepole, akavaa kofia, akaenda zake akiegemea fimbo. Hosea alibaki amesimama hadi gari lilipotoweka, ndipo akagundua kwamba viganja vyake vina jasho, akavifuta kwa leso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.